SUKARI HUVUTA MAJI: Kipimo cha jikoni kinachookoa mtoto anayeharisha



Sukari na maji ni vitu vya kila siku nyumbani. Asubuhi tunatia sukari katika chai na uji. Sikukuu ikifika tunapika kaimati na visheti. Mgeni akija na jua la mchana, tunamkorogea maji ya ndimu. Hakuna anayeona ajabu yoyote.

Lakini sukari ina tabia moja ambayo wengi wetu hatujaifikiria. Sukari huvuta maji. Tabia hii ndiyo inayotupa shira nzuri. Tabia hii hii inaweza kumdhuru mtoto anayeharisha, akipewa kinywaji kitamu mno. Na sukari hiyo hiyo inaweza kumwokoa, ikipimwa sawasawa na kutiwa chumvi kidogo. Basi tujifunze polepole, tukianzia jikoni.

JARIBIO LA EMBE

Chukua embe bivu, ulimenye, ulikate vipande vidogo. Weka vipande katika bakuli. Nyunyizia vijiko 2 vya sukari. Funika, ngoja nusu saa, kisha funua.

Utaona nini? Utaona maji matamu chini ya bakuli. Wewe hukutia maji hata tone moja. Je, yametoka wapi? Yametoka ndani ya embe. Sukari iliyo nje imeyavuta yakatoka.

Shika neno hili: mahali penye sukari nyingi huvuta maji kutoka mahali penye sukari kidogo.

SHIRA NA VISHETI

Maji huweza kuyeyusha sukari nyingi kuliko tunavyodhani. Lita 1 ya maji ya kawaida huyeyusha karibu kilo 2 za sukari. Maji yanayochemka huyeyusha zaidi ya kilo 4. Ndiyo maana mpishi wa shira hutia vikombe 2 vya sukari kwa kikombe 1 cha maji, na sukari yote ikayeyuka. Huongeza iliki, akachemsha kwa moto mdogo mpaka shira ivutike kama uzi.

Shira ikipoa, maji hayawezi tena kushika sukari yote. Sehemu ya sukari hurudi kuwa punje. Ule weupe unaoganda juu ya visheti ndiyo hiyo sukari iliyorudi.

Tahadhari: shira inayochemka ina moto kuliko maji yanayochemka, tena hunata mwilini. Watoto wakae mbali na sufuria.

Sasa jiulize: mbona shira nzito haiharibiki upesi? Vijidudu vinahitaji maji ili viishi. Vikiangukia ndani ya shira nzito, sukari huvuta maji yao, kama ilivyovuta maji ya embe. Lakini maji yenye sukari kidogo hayana nguvu hiyo. Humo vijidudu hustawi. Ndiyo maana juisi huchacha baada ya siku moja au mbili. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji mbele.

MTOTO AKIHARISHA

Sasa tuache sufuria, tuangalie tumbo la mtoto.

Mtoto anapoharisha hupoteza maji na chumvi. Mwili wake ni mdogo, kwa hiyo maji yake hupungua upesi. Midomo hukauka. Macho huingia ndani. Hulia bila machozi. Asipopata maji mengine, anaweza kufa kwa siku moja au mbili, na akiwa na kipindupindu anaweza kufa kwa saa chache.

Wako watu wanaosema, "Mtoto anaharisha, usimpe maji, utamzidishia." Si kweli. Maji yanatoka hata usipompa. Mtungi ukivuja, hauwezi kujaa kwa kuacha kuutilia maji.

Wengine husema, "Mpe soda apate nguvu." Hapa sukari inageuka kuwa hatari. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huwa na gramu 35 hivi za sukari, yaani vijiko vya chai 7 au zaidi. Soda hiyo tamu ikifika katika utumbo, hufanya kama sukari juu ya embe. Huvuta maji kutoka mwilini na kuyaleta ndani ya utumbo. Mtoto huzidi kuharisha. Chai tamu sana na juisi tamu za dukani nazo hufanya vivyo hivyo.

Je, basi tumpe maji matupu? Maji matupu ni bora kuliko kumnyima, lakini hayatoshi. Hayarudishi chumvi iliyopotea, wala hayaingii mwilini upesi.

SUKARI NA CHUMVI HUINGIA PAMOJA

Ukuta wa utumbo ni kama ukuta wenye milango midogo mingi. Mwaka 1960 mtaalamu mmoja wa Marekani, Robert Crane, alieleza jinsi mmoja wa milango hiyo unavyofanya kazi. Mlango huo hufunguka sukari na chumvi zinapofika pamoja. Zikiingia mwilini, maji nayo huzifuata. Jambo la kushukuru ni kwamba mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtu anapoharisha sana.

Unaona sasa? Sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini. Sukari ikiwa kidogo pamoja na chumvi kidogo, huyaingiza maji mwilini. Vitu ni vile vile. Tofauti ni kipimo tu.

Elimu hii ilipata mtihani mkubwa mwaka 1971. Wakati ule kulikuwa na vita katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Wakimbizi wengi walivuka mpaka wakaingia India, na kipindupindu kikawashika. Katika kambi ya Bangaon, maji ya kutundika kwa sindano hayakutosha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya sukari ya glukosi, chumvi na magadi katika maji safi, akawanywesha wagonjwa. Ndugu za wagonjwa waliteka dawa hiyo kwa vikombe na kuwanywesha wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wanakufa wagonjwa kama 30 katika kila 100. Kwa dawa ya kunywa, walikufa chini ya 4 katika kila 100.

Baadaye shirika la BRAC la Bangladesh lilipeleka elimu hiyo vijijini, kuanzia mwaka 1980 hadi 1990. Wanawake walipita nyumba kwa nyumba, zaidi ya nyumba milioni 12. Waliwafundisha akina mama kuchanganya maji, chumvi na sukari guru. Akina mama wengi hawakujua kusoma, lakini walishika kipimo kichwani. Na malipo ya mwalimu yalitegemea jinsi akina mama aliowafundisha walivyokumbuka somo.

PAKITI KWANZA

Dawa iliyo bora ni pakiti ya ORS, ipatikanayo zahanati na katika maduka ya dawa. Ndani yake glukosi na chumvichumvi zimepimwa na wataalamu. Hata wao waliendelea kusahihisha kipimo. Zamani pakiti ya lita 1 ilikuwa na gramu 20 za glukosi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza kipimo kipya chenye gramu 13.5 za glukosi, na chumvi nayo ikapunguzwa. Ilionekana kwamba ikipungua hivyo, mtoto huharisha kidogo zaidi na hutapika kidogo zaidi.

Weka pakiti mbili tatu nyumbani kabla ya ugonjwa kufika. Kisha soma maandishi. Pakiti nyingine ni za lita 1, nyingine za nusu lita. Ukitia pakiti ya lita 1 katika nusu lita ya maji, dawa huwa kali mara mbili. Hapo kujua kusoma kunaokoa maisha.

KAMA HUNA PAKITI

Usikae ukisubiri pakiti huku mtoto anakauka. Tengeneza mwenyewe, na mtu aende kuitafuta pakiti. Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha vyombo.

2. Chemsha maji, yaache yapoe. Pima lita 1. Chupa ya maji ya dukani ya lita 1 inafaa, au chupa ya nusu lita mara mbili.

3. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Koroga, kisha onja. Maji yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi machozi, mwaga, uanze tena.

4. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari. Kila kijiko kiwe cha kusawazisha. Pitisha kisu juu yake, kilima kiondoke.

5. Koroga mpaka sukari yote iyeyuke. Funika.

Usichemshe tena baada ya kuchanganya, maana maji yatapungua na dawa itakuwa kali. Usiongeze sukari ili mtoto aipende. Usiongeze chumvi, kwani chumvi nyingi inaweza kumtia degedege. Ukiwa na shaka ya kipimo, ni afadhali maji yazidi kidogo kuliko sukari au chumvi kuzidi.

Dawa hii itumike kwa saa 24 tu, kisha imwagwe. Unakumbuka tuliyosema juu ya juisi? Hii nayo ni maji yenye sukari kidogo. Vijidudu hustawi humo.

JINSI YA KUMNYWESHA

Mnyweshe kwa kikombe na kijiko, si kwa chupa ya kunyonyea. Chupa ile ni ngumu kusafisha.

Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo kikombe hadi nusu kikombe kikubwa. Mwenye miaka 2 au zaidi apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima. Mtu mzima anywe kadiri anavyotaka.

Akitapika, usikate tamaa. Ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole, kijiko kimoja kimoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Anayekula apewe chakula laini kama uji na ndizi mbivu. Asifungishwe njaa. Zahanati watampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Umpe mpaka viishe, hata kama ameacha kuharisha.

Jambo moja zaidi. Maji haya hayafungi tumbo. Mtoto anaweza kuendelea kuharisha siku kadhaa. Usiseme, "Dawa imeshindwa." Kazi yake ni kurudisha maji, ili mtoto asife wakati ugonjwa unapita.

NENDA ZAHANATI UPESI

Mpeleke mtoto mara moja ukiona mojawapo ya haya:
- hawezi kunywa wala kunyonya;
- anatapika kila kitu;
- kinyesi kina damu;
- amelegea, au analala na kuamka kwake ni kwa shida;
- macho yameingia ndani, au ngozi ya tumbo ukiibana hurudi polepole;
- ana homa;
- anaharisha maji matupu mara nyingi sana.

Mtoto wa chini ya miezi 6 apelekwe bila kusubiri dalili hizi. Njiani endelea kumnyonyesha na kumnywesha. Watoto wengine wamekauka njiani kwa sababu wazazi waliacha kuwanywesha, wakidhani kazi sasa ni ya daktari.

KUZUIA NI BORA

Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wananchi wengi wa Tanzania walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Somo lile halijachakaa. Tumia choo na kukifunika. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Chemsha maji ya kunywa. Mama mwenye mtoto wa chini ya miezi 6 amnyonyeshe maziwa yake tu.

Akina baba nao wajifunze kipimo hiki. Mtoto anaweza kuanza kuharisha usiku, mama yake akiwa amesafiri. Bibi, babu na kaka mkubwa nao wakijue. Kiandike kwenye karatasi ukibandike ukutani:

MAJI LITA 1. CHUMVI NUSU KIJIKO CHA CHAI. SUKARI VIJIKO 6 VYA CHAI, VYA KUSAWAZISHA.

MASWALI YA KUJADILI

1. Maji yaliyokuwa chini ya bakuli la embe yalitoka wapi?
2. Kwa nini soda haimfai mtoto anayeharisha?
3. Kwa nini chumvi hutiwa pamoja na sukari?
4. Pimeni nusu kijiko cha chumvi kila mtu na kijiko cha nyumbani kwake. Je, vipimo vimelingana? Mtafanya nini ili vilingane?
5. Katika kijiji chenu pakiti za ORS zinapatikana wapi? Nani anaweza kwenda kuzichukua usiku?