Je, Wajua? Futikamba inayocheza si mbovu

Kile kibati kilichopinda mwanzoni mwa futikamba hucheza kidogo. Wapo wanaodhani kimeharibika, wakakigonga kwa nyundo ili kikaze. Usikiguse! Kimelegezwa makusudi. Huteleza kwa kiasi cha unene wake wenyewe, takriban milimita 1: ukikinasisha kwenye ukingo wa ubao huvutika nje, ukikisukuma ukutani hurudi ndani. Hivyo vipimo vyote viwili hutoka sawa.

Huna skwea ya kuhakikisha kona ni pembe mraba? Weka alama sentimita 60 upande mmoja wa kona na sentimita 80 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo ukiwa mita 1 kamili, pembe hiyo ni nyuzi 90. Kwa msingi wa nyumba, mafundi hutumia mita 3, 4 na 5. Hesabu ni ileile.

Pimamaji nayo ina mbadala wa bei nafuu: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila mapovu ya hewa. Maji ya ncha zote mbili husimama kimo kimoja, hata kuta zikiwa mbalimbali.

Na msumari ukipasua ubao, butua ncha yake kwanza. Ncha kali hutanua nyuzi za mbao kama kabari. Butu huzivunja ikapita.

Kwa anayeanza ufundi, nyundo, bisibisi, msumeno, koleo na futikamba zinatosha. Drili ya umeme azima kwa jirani.