Fahamu: Kwa nini kipimo cha kaswende husema "ndiyo" hata kwa aliyepona

Mjamzito anatobolewa kidole kliniki, na kwenye kipimo cha haraka mstari wa pili unajitokeza: kaswende. Lakini alishachomwa penisilini miaka iliyopita. Je, anaumwa tena? Kipimo hicho hakiwezi kujua. Kinatafuta kingamwili dhidi ya bakteria wenyewe, na kingamwili hizo kwa wengi hubaki mwilini maisha yote.

Kinachosaidia ni RPR, kipimo cha maabara chenye kiwango. Kikishuka mara nne baada ya tiba, tuseme kutoka 1:32 hadi 1:8, dawa imefanya kazi. Kikipanda mara nne, huenda kaambukizwa upya. Kero ni kwamba kwa baadhi ya waliotibiwa vizuri, kiwango kidogo hakiondoki. Mjamzito asiye na kumbukumbu za tiba huchomwa tu sindano, kwa kuwa kaswende inaweza kumuua mtoto tumboni.