Pete ya Marehemu Mama Katika Moto wa Sonara

Walitujia baada ya sala ya magharibi, dada wawili wa tumbo moja, na katika leso wamefunga pete ya marehemu mama yao. Ni dhahabu ya karati 22 yenye kito cha akiki. Ilikuwa sehemu ya mahari yake, wala haikumtoka kidoleni hadi siku alipooshwa. Walitaka iyeyushwe, zitoke pete mbili nyembamba, kila mmoja na yake. Wakauliza: "Sheikh, hatutakuwa tumemvunjia mama heshima?"

Tuliwajibu kuwa hapana. Umbo hubadilika, dhahabu ni ile ile.

Kilichotushughulisha ni jambo ambalo hawakuliuliza. Sonara alikuwa amewaambia waiache pete ile, wachukue mbili zilizo tayari dukani, wamwongeze pesa. Wengi wetu hufanya hivyo pasi na kufikiri, na hapo ndipo penye riba. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Ubada bin Samit, Mtume (s.a.w.) ameagiza kuwa dhahabu ibadilishwe kwa dhahabu kwa uzani sawa na papo hapo. Atakaye kubadilisha na aiuze ya kale kwa shilingi, azipokee mkononi, kisha anunue mpya. Ama iyeyushwe dhahabu yake mwenyewe, na sonara alipwe ujira kwa pesa. Kwa pete ya mama, njia hii ya pili ndiyo inayofaa.

Kito kitolewe kwanza, ndipo mizani iwekwe. Pete hii ilikuwa gramu 6, yaani dhahabu safi ni gramu 5.5. Sonara akichanganya madini mengine hadi iwe karati 18, utarudishiwa gramu 7 na zaidi. Usifurahi, dhahabu haikuongezeka hata chembe. Mapatano ya karati yafanywe kabla ya moto kuwashwa, na unga wa tupa nao ni wako.

Kisha tukawauliza: "Binti zetu, hamna ndugu mwingine?" Wakatazamana. Yuko kaka. "Lakini pete ni mambo ya wanawake, sheikh."

Mirathi haiyajui mambo ya wanawake! Baba yao alikwisha kutangulia, na wazazi wa mama pia. Basi nusu ya pete ile ni ya kaka, na kila dada ana robo. Kuiyeyusha bila ya idhini yake ni kula haki yake, japo ni gramu 3 tu. Mdogo wao alilia kidogo. Walikuwa hawasemezani na kaka huyo tangu matanga.

Juma lililofuata walikuja watatu. Kaka aliwaachia dada zake dhahabu yote kwa ridhaa yake, akaomba ile akiki tu, aitilie katika pete ya fedha, kwani dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wakaondoka pamoja kwenda kwa sonara, kaka ndiye aliyeishika leso.