Saa Iliyopima Nchi

Ramani huonyesha Kirando ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Ufipa. Ng'ambo yake ni milima ya Kongo, ambako jua huzama kila jioni. Mtoto huitazama alama ile ndogo asiwaze kitu. Walakini ili alama kama ile itiwe mahali pake, wasafiri wa kale walihitaji saa njema.

Sababu yake ni hii. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa 1, na digrii 1 kwa dakika 4. Basi ikiwa adhuhuri Kirando, kule Greenwich katika Uingereza bado ni asubuhi. Adhuhuri ya huko hufika baada ya saa 2 na dakika kama 2. Msafiri mwenye saa iliyoshika wakati wa Greenwich aliutazama wakati wa jua mahali alipo, akalinganisha nyakati hizo mbili, ndipo akajua yuko mashariki kwa kiasi gani. Lakini saa hiyo ikikosea dakika 4 tu, hesabu hukosea digrii nzima, nayo katika nchi za huku ni kama kilomita 110. Ziwa Tanganyika, hata penye upana mkubwa kabisa, halifiki kilomita 80. Kwa hiyo kosa la dakika 4 laweza kuivusha Kirando ziwa zima na kuiweka bara ya Kongo, pasipo mtumbwi!

Itazameni basi kazi ya saa ya mfukoni. Ndani yake mna kamani, yaani utepe wa chuma cha pua uliozongwa. Mtu akiitia saa ufunguo, utepe hukazika. Nao ukitaka kukunjuka huyasukuma magurudumu yenye meno. Kama pasingekuwa na kizuizi, magurudumu yangekimbia mara moja, kisha yakasimama. Kwa hiyo fundi huweka gurudumu la mizani, lenye utepe mwingine mwembamba kama unywele. Gurudumu hilo huenda huku na huku kwa kipimo kimoja, na kwa kila mwendo wake huwaachilia wenzake wasogee hatua ndogo. Mlio usikikao ni meno yakizuiliwa na kuachiliwa. Saa nyingi za mfukoni hupiga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 432,000 kwa siku. Likipungua pigo 1 katika kila 1,000, saa hukosea zaidi ya dakika 1 kwa siku.

Tena kuna adui mwingine, ndiye joto. Wahunzi wa Ufipa, waliojenga malungu marefu kupita kimo cha mtu ili kuyeyusha mawe ya chuma, walijua sana kwamba chuma hulegea kwa moto. Fundi wa saa hupambana na jambo lilo hilo katika chuma chembamba kama unywele: joto la mchana likiulegeza, saa huchelewa. Dawa yake waliyoigundua mafundi ni kuunganisha shaba na chuma cha pua, ili kugeuka kwa kimoja kurekebishwe na kingine.

Aliyeonyesha kwamba kazi hii yawezekana ni John Harrison, seremala Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1693. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi paundi 20,000 kwa mtu atakayepata njia ya kujua longitudo baharini. Harrison alitengeneza saa 3 kubwa, asiridhike. Ya nne, aliyoimaliza mwaka 1759, ilikuwa na upana wa sentimita 13 hivi. Ilipopelekwa Jamaica kwa merikebu mwaka 1761, ilichelewa sekunde 5 tu katika siku 81.

Lakini safari ya miguu ina taabu zake. Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika Februari 1858, na katika safari ile saa zao ziliharibika. Wakafunga risasi kwenye uzi wa inchi 39, ikaning'inia na kuhesabu sekunde, kila mwendo sekunde 1. Ilikuwa akili njema, ila uzi huo haukuweza kushika wakati wa Greenwich. Mwezi wa Januari 1867 mchukuzi wa saa za Livingstone aliteleza akaanguka. Saa zikatikisika zikabadili mwendo, na longitudo alizoandika baadaye zikakosea.

Mwanafunzi wa Kirando aweza kujaribu mwenyewe. Na asimamishe fito wima, atazame kivuli kilipo kifupi kabisa. Saa ya ukutani haitakuwa saa 6 kamili, bali karibu na saa 7, ikizidi au kupungua dakika chache kwa kadiri ya miezi. Saa haikukosea. Wakati wa Afrika ya Mashariki umepimwa kwa longitudo 45, iliyo mbali mashariki ya Kirando. Na jua, baada ya kupita huko, lina safari ya saa karibu nzima kabla ya kufika Ziwani.