Je, Wajua? Mshika Usukani na Simu

Katika majimbo mengi ya Marekani, kijana wa miaka 16 anaweza kupata leseni ya udereva akiwa bado sekondari. Ndiyo maana onyo kuhusu simu na usukani huanzia darasani. Mshika mbili, moja humponyoka. Lakini vijana hawaamini mpaka waoneshwe.

Je, wajua kwamba udereva ni somo la zamani shuleni?
Mwaka 1934, Amos Neyhart, mwalimu wa uhandisi chuoni, alikuwa ameshaanza kuwafundisha wanafunzi wa sekondari katika mji wa State College, Pennsylvania, kwa gari lake mwenyewe. Hofu ya enzi hizo haikuwa meseji: simu ilikaa nyumbani na waya wake.

Kwamba meseji moja ni ndefu kuliko uwanja wa mpira?
Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani hukadiria kwamba anayesoma au kuandika meseji huondoa macho barabarani kwa sekunde 5 hivi. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa, gari limeshakwenda mita 125. Uwanja wa kawaida wa mpira una mita 105.

Kwamba kuacha mikono huru hakutoshi?
Mwaka 2006, David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah waliwaweka watu 40 kwenye mtambo unaoigiza gari. Kuna mzunguko walioendesha wakiongea na simu, na mwingine wakiwa wamekunywa pombe hadi kiwango cha kukamatwa kisheria. Watatu waliligonga gari la mbele, na wote watatu waligonga wakiwa kwenye simu, bila tone la pombe. Kushika simu mkononi au kuongea bila kuishika hakukuleta tofauti. Akili ndiyo iliyokuwa imeondoka barabarani.

Kwamba mazoea nayo huleta hatari?
Watafiti wa Virginia walifunga kamera kwenye magari ya vijana 42 waliotoka kupata leseni, wakawafuatilia kwa miezi 18. Matokeo yalichapishwa Januari 2014: kijana anayebonyeza namba za simu hujiongezea hatari ya kugonga, au kukosakosa kugonga, zaidi ya mara 8, anayenyoosha mkono kuifuata simu, mara 7, anayekula, mara 3. Miezi ya mwanzo walikuwa waangalifu. Walipoanza kujiona madereva, ndipo walipoanza kufanya mengine huku wakiendesha.

Kwamba Ubelgiji iliwahi kuwapa vijana mtihani usiofaulika?
Mwaka 2012, chama cha madereva vijana wa nchi hiyo kiliwadanganya wanaojifunza udereva kwamba, ili wapate leseni, ni lazima waoneshe wanaweza kuandika meseji wakiendesha. Mkufunzi akakaa pembeni akiwasomea maneno ya kuandika. Jicho kwenye kioo cha simu, jicho kwenye koni, na koni zikaanguka moja baada ya nyingine. Wakalalamika wenyewe kwamba sheria hiyo itaua watu. Somo likawa limeingia, na aliyelitoa ni mwanafunzi.

Kwamba wanafunzi wa Wales walisaidia kutengeneza filamu iliyotikisa dunia?
Mwaka 2009, polisi wa Gwent na shule ya Tredegar walishirikiana na mwongozaji Peter Watkins-Hughes kutengeneza filamu kuhusu msichana anayeandika meseji akiwa amewapakia marafiki zake wawili. Ilikusudiwa mashuleni, lakini kipande cha ajali kilisambaa kwenye intaneti hadi nchi za mbali.

Kwamba rafiki naye anaweza kuwa kama simu?
Utafiti wa mwaka 2012 wa taasisi ya AAA, chama cha madereva cha Marekani, ulionesha kwamba dereva wa miaka 16 au 17 akimpakia kijana mmoja tu, bila mtu mzima garini, hatari yake ya kufa ajalini hupanda kwa asilimia 44. Wakiwa wawili, huongezeka maradufu. Wakiwa watatu au zaidi, mara 4. Majimbo mengi ya Marekani yamewawekea madereva wapya kikomo cha idadi ya vijana wanaoweza kuwapakia.

Basi ukikaa kiti cha mbele, una kazi. Omba simu ya dereva, jibu meseji kwa niaba yake, soma ramani, na utani wa nyuma uutulize wewe. Kama yuko peke yake, simu ikae kwenye buti kabla injini haijawaka.