Je, Wajua? Diwani Aliyepatikana Kwenye Kofia

Je, wajua kwamba mwaka 2022 kuna diwani wa Wales aliyepata kiti kwa jina lake kuchomolewa kwenye kofia?

Kata yenyewe ni Llanfoist na Govilon, kaunti ya Monmouthshire, upande wa mpaka na England. Uchaguzi ulifanyika Alhamisi, Mei 5. Kura zilipohesabiwa, mgombea wa chama cha Conservative alikuwa na 679, na wa chama cha Labour naye 679. Sheria ya huko haiwarudishi wananchi kituoni kwa jambo kama hilo. Inamtaka msimamizi wa uchaguzi aamue palepale kwa bahati nasibu, na atakayeangukiwa na bahati huhesabiwa kama mtu aliyeongezewa kura moja. Majina mawili yakatiwa kwenye kofia, moja likatolewa, na Conservative wakapata diwani wao.

Kwa aliyezoea kesi za uchaguzi zinazokula miezi mahakamani, kofia inaonekana mzaha. Mimi naona ina heshima yake: haina gharama, haina wakili, na wote waliopo ukumbini wanaona kwa macho yao.

Tena haikuwa kata ya kupuuzwa. Baraza la Monmouthshire lina viti 46. Labour walipata 22, Conservative 18, wagombea binafsi 5, na chama cha Green kimoja. Conservative walikuwa wanakwenda kupoteza baraza pekee walilokuwa wakilishika katika Wales nzima. Labour walihitaji 24 ili watawale bila kumwomba mtu. Bahati ingeegemea kwao wangefika 23, nusu kamili ya baraza. Haikuegemea, na wakaunda uongozi wa kaunti huku wakiwa na viti pungufu ya nusu.

Siku hiyohiyo chama cha Plaid Cymru, kinachopigania uhuru wa Wales, kilikuwa na hesabu za kukaba roho za aina yake. Carmarthenshire ina viti 75, nacho kikapata 38. Ceredigion ina viti 38, kikapata 20. Kote kuwili kingepungukiwa na diwani mmoja tu, wingi wake ungetoweka.

Je, wajua kwamba wengine hawakuhitaji hata kura moja? Huko Gwynedd, kaskazini magharibi, penye milima ya Eryri, baraza lina madiwani 69. Mwaka 2022 madiwani 28 kati yao walipita bila kupingwa. Ni zaidi ya wanne katika kila kumi, walioingia barazani kabla kituo hakijafunguliwa. Wales nzima waliopita hivyo walikuwa 74, kwa hiyo Gwynedd peke yake ilitoa zaidi ya theluthi.

Usikimbilie kufikiri kwamba kuna mtu aliwakata wapinzani majina. Kata za huko ni ndogo, nyingine ni vijiji vichache na mashamba ya kondoo, na diwani anajulikana na kila mtu hadi kwa jina la mbwa wake. Akikaa muda mrefu na watu wakaridhika naye, jirani anayetaka kiti huona haya kujitosa. Lakini mwenye miaka 20 katika kata ya namna hiyo anaweza kufika 30 bila kuwahi kumchagua diwani, na hilo silioni kuwa dogo.

Powys walikwenda mbali zaidi. Hii ndiyo kaunti kubwa kuliko zote kwa eneo, takriban robo ya ardhi yote ya Wales. Mwaka 2017, katika kata yake ya Yscir, karibu na mji wa Brecon, siku ya kurudisha fomu ilipita bila mtu yeyote kurudisha. Si chama tawala, si upinzani, si mgombea binafsi. Ikabidi uchaguzi uitishwe upya.

Na kuna kaunti iliyonyang'anywa uchaguzi. Kisiwa cha Ynys Môn, ambacho Waingereza hukiita Anglesey, kilikuwa na baraza lililosifika kwa magomvi. Madiwani 40, wengi wao wasio na chama, walijigawa makundi na kuvurugana mpaka kazi zikakwama. Machi 2011 serikali ya Wales ilichoka, ikapeleka makamishna watano kuliendesha baraza. Kaunti nyingine zilipopiga kura Mei 2012, Ynys Môn iliambiwa ingoje mwaka mzima.

Uchaguzi ulipofika, Mei 2, 2013, ramani yenyewe ilikuwa imechorwa upya. Kata 40 zenye diwani mmoja mmoja zilifutwa, zikawekwa kata 11 kubwa zenye madiwani wawili au watatu kila moja, jumla 30. Hoja ilikuwa kwamba diwani mwenye kata ya ukubwa wa kijiji humwona jirani yake barazani kama mshindani, si mwenzake. Wagombea binafsi walipata viti 14, Plaid Cymru 12, Labour 3 na Liberal Democrats 1. Kufikia 2022 baraza lilikuwa limepanuliwa hadi viti 35, na Plaid Cymru wakachukua 21, ushindi wa wazi. Kiongozi wao, Llinos Medi, alichaguliwa kuwa mbunge wa kisiwa hicho mwaka 2024.

Je, wajua kwamba mabaraza ya kaunti yalipoanza, Januari 1889, kijana mmoja wa Caernarfonshire aliingia barazani bila kuchaguliwa na wananchi? Wakati huo madiwani waliochaguliwa waliruhusiwa kuwateua wazee wa baraza, na chama cha Liberal, kilichozoa karibu Wales yote isipokuwa kaunti ya Brecon, kilimteua wakili wa miaka 26 aitwaye David Lloyd George. Mzee wa baraza mwenye miaka 26! Mwaka uliofuata akagombea ubunge katika uchaguzi mdogo na kushinda kwa tofauti ya kura 18. Kiti hicho alikikalia miaka 55. Ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati Tanganyika ilipotolewa mikononi mwa Wajerumani na kukabidhiwa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kura 18 za miji midogo ya pwani zilifika mbali.

Siku yenyewe ya kura nayo ina maajabu yake. Kituo hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku. Katika uchaguzi wa madiwani wa Wales mpiga kura haulizwi kitambulisho chochote. Anataja jina na anwani, karani anamtafuta kwenye daftari, anampa karatasi iliyoandikwa Kiwelisi na Kiingereza, naye anaweka alama kwa penseli. Hakuna wino wa kidole. Ukivuka mpaka kuingia England, tangu Mei 2023 bila kitambulisho chenye picha hupigi kura. Hata Wales kwenyewe, ikija zamu ya kumchagua mbunge wa London, kitambulisho kinatakiwa. Mpiga kura yuleyule na kituo kilekile, ila sheria zimetungwa na mabunge mawili.

Bunge la Wales, Senedd, ndilo lililopitisha sheria ya mwaka 2021 iliyobadilisha nani apige kura ya diwani. Umri ulishushwa hadi miaka 16. Vilevile mgeni yeyote anayeishi Wales kihalali aliruhusiwa kupiga kura, awe raia wa nchi yoyote ile.

Hapa ndipo habari inapotugusa sisi wasemaji wa Kiswahili. Mkenya, Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wanaoishi Wales kihalali walikuwa na haki hiyo hata kabla ya sheria hiyo, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Mkongomani, Mrundi na Mwomani hawakuwa nayo. Mabinamu wawili, mmoja wa Kigoma na mwingine wa ng'ambo ya ziwa, wangeweza kupanga nyumba moja mjini Cardiff, na ni mmoja tu angepata karatasi ya kura. Tangu uchaguzi wa 2022 wote wawili wanapata.

Pamoja na milango yote hiyo kufunguliwa, waliojitokeza mwaka huo hawakufika asilimia 40 ya waliojiandikisha.

Muhula wa madiwani sasa ni miaka mitano, na uchaguzi ujao ni Mei 2027. Kujiandikisha kunaruhusiwa kuanzia miaka 14, ingawa kura hupigwa ukifika 16. Basi kama una ndugu Cardiff, Swansea au Newport, mkumbushe ajiandikishe mapema, yeye na watoto wake.