Mtumbwi wa Mtu Mmoja

Leo sisemi "paukwa", wanangu, kwa sababu ya leo si ngano. Hamna sungura humu, wala fisi aliyevaa kanzu. Nataka kuwaeleza habari za watu mnaowaona kwa macho yenu kila siku: yule mzee anayesukuma mtumbwi wake alfajiri bila kumgongea mtu mlango, na yule mama anayekwenda mwambani na ndoo yake, akajitenga na wenzake. Nasikia mnasema hawapendi watu. Ngojeni kwanza.

Mtumbwi wa mtu mmoja ni mwembamba. Ukikaa katikati, mkono wa kulia unagusa maji na wa kushoto unagusa maji. Ndani mna kafi, upo wa kukumbia maji, dumu la maji ya kunywa, nanga ambayo mara nyingi ni jiwe lililofungwa kamba, chambo cha ngisi au dagaa, na mshipi uliozungushwa kwenye kipande cha ubao. Mzee hana fimbo ya kuvulia kama wale wa kwenye televisheni. Anautia mshipi majini, unateremka mpaka chubwi liguse chini, kisha anaupandisha kidogo na kuulaza juu ya kidole cha shahada. Ukimtazama kutoka pwani utasema kalala.

Hakulala. Kile kidole kinasikiliza. Changu akifika kwenye chambo hudonoa, dododo, kama kuku anayekula mtama, na mvuvi anamwacha adonoe mpaka auvute mshipi kwa nguvu. Kikande ni mwizi: ana kinywa kidogo na meno magumu, anakimega chambo kidogo kidogo, na ukija kuvuta unakuta ndoana inang'aa tupu. Chewa hana mchezo huo. Anameza mara moja, anageuka na kukimbilia pangoni mwake, na ukichelewa kumvuta keshajikwamisha mawe­ni. Linalobaki ni kukata mshipi na kuhesabu hasara. Mambo haya yote yanapita kwenye kidole kabla mvuvi hajaona hata pezi.

Sasa mtieni mzee huyo katika chombo cha watu wanne. Mmoja anasimulia harusi ya jana. Wa pili anaomba kiberiti. Wa tatu mshipi wake umejisokota na wako, na nahodha anasema hapa hapana kitu, ng'oeni nanga twende kwingine, wakati wewe ndio kwanza umeanza kusikia kitu chini. Aliye peke yake hana nahodha wa kumng'oa. Akitaka kukaa palepale mpaka jua lipande, atakaa. Akiona samaki hawali, atahama bila kubishana. Anajifunza bahari upesi pia, maana hakuna wa kumuuliza. Kosa ni lake na dawa aitafute mwenyewe.

Kuna raha nyingine ambayo wavuvi hawaisemi ovyo. Ni siri. Mwamba wenye samaki hauonekani juu ya maji, basi mvuvi anaukumbuka kwa alama za nchi kavu. Anatazama upande mmoja: mnara wa msikiti ukae sawasawa na mwembe ulio nyuma yake. Anatazama upande wa pili: ncha ya rasi ikutane na mnazi uliopinda. Mistari hiyo miwili inapokatana, ndipo anapotia nanga. Akikosea hatua chache tu, chini yake ni mchanga. Alama hizo zikijulikana na watu wanne asubuhi, jioni zinajulikana na kijiji kizima, na mwezi ujao mwamba hauna kitu. Mzee wetu anazo kichwani mwake, na mkimuuliza kawapata wapi wale changu wakubwa atawajibu: "Baharini."

Faida nayo haigawanywi. Katika chombo kikubwa, zikishatolewa gharama, mwenye chombo na nyavu anachukua mafungu yake, kisha mabaharia wanagawana kinachobaki. Wa mtumbwi akivua samaki kumi, wote ni wake. Lakini akivua mmoja, ni huyohuyo mmoja. Wavuvi wa Kojani, kule Pemba, wanasifika pwani nzima kwa kuvua kwa nyavu wakiwa kundi: wengine wanashika wavu, wengine wanapiga mbizi na kuwaswaga samaki kuingia humo, na wanakwenda dago mbali na kwao wakakaa wiki nzima au zaidi. Samaki wa namna hiyo mtu mmoja hawezi kuwapata hata akiwa hodari kuliko wote. Mshipi unaleta kitoweo. Mara chache unaleta mali.

Na mikono ni miwili tu. Hilo ndilo nitakaa nalo kidogo.

Tuseme leo mzee kapata bahati iliyozidi kipimo. Mshipi unakwenda, hausimami. Huenda ni taa, huenda ni papa, bado hajamwona. Mkono mmoja unashika mshipi, wa pili unaulegeza taratibu ili usikatike. Samaki anauzungusha mtumbwi, sasa umekaa ubavu kwa mawimbi, na kila wimbi linatia maji kidogo. Maji hayo yanataka upo. Mtumbwi unataka kafi ili urudi kuelekea mawimbi. Samaki anataka mikono yote miwili. Wangekuwa wawili, mmoja angevuta na mwingine angekumba maji na kupiga kafi. Mzee anatakiwa achague, tena upesi. Ndiyo maana jambo la kwanza analoambiwa mtoto anayefundishwa mshipi ni hili: usiuzungushe mkononi wala mguuni. Samaki mkubwa akikimbia, mshipi unakata nyama ya kidole, au unakuvuta majini. Ukiwa umeushika tu, unaweza kuuachia. Wazee wengi hodari wameachia, na wanasimulia bila haya. Samaki wa namna hiyo kila akisimuliwa anaongezeka urefu.

Jingine ni mkondo. Kwenye pwani ya Tanzania mkondo mkubwa wa bahari unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, kuanzia mwezi wa nne hivi mpaka wa tisa, unazidi nguvu. Mtu aliyepoteza kafi nje ya Kilwa, nje kabisa kwenye maji makuu, asitegemee kusubiri palepale. Anachukuliwa kuelekea Mafia, na asipopata msaada, mbele zaidi. Wanaomtafuta wakianzia pale alipozoea kuvua, wanatafuta maji matupu. Lazima wajue alikuwa wapi na tangu saa ngapi, ndipo wapige hesabu mkondo umemfikisha wapi.

Hapo siri inagongana na usalama, na ninapenda jinsi wazee walivyoipatanisha. Kabla ya kuondoka, mvuvi anamwambia mkewe, au jirani anayewahi msikitini: "Leo niko upande wa kusini, nje ya mkondo. Adhuhuri nimerudi." Ametaja upande, ametaja saa. Alama za mwamba hakuzitaja. Siku hizi wengi wanabeba simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na karibu na pwani inasaidia sana, lakini ukienda nje mtandao unakatika, na simu isiyo na mtandao haimwambii mtu uko wapi. Neno uliloacha nyumbani halihitaji chaji.

Tumrudie yule mama wa mwambani. Yeye anakwenda siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yanapopwa mbali kabisa. Upande wa mashariki wa Unguja, huko Paje na Jambiani, mwamba uko mbali na ufuo, na watu wanatembea kwa miguu pale ambapo asubuhi palikuwa na kina. Anachokoa pweza kwa chuma chembamba. Kwa nini ajitenge? Kwa sababu pweza analificha tundu lake vizuri, na dalili yake ni ndogo: magamba ya kaa na kome yaliyotupwa mlangoni, mawe madogo yaliyopangwa kana kwamba kuna mtu kayapanga. Watu wengi wakipita wakipiga maji kwa miguu, maji yanachafuka na dalili hazionekani. Tena anayetangulia ndiye anayepata.

Ila bamvua lina hesabu yake, na hii ishikeni kwa makini. Maji huchukua saa sita hivi kupwa na saa sita hivi kujaa. Pale Unguja, siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa hukaribia mita 4. Msidhani yanapanda sawasawa kila saa. Kwa kukadiria, saa ya kwanza yanapanda kama sentimita 30, hata hushtuki. Saa ya pili kama sentimita 70. Saa ya tatu, mita nzima. Saa ya nne, mita nzima nyingine. Mtu aliyeinama, mkono tunduni, akivutana na pweza aliyeng'ang'ania jiwe, anadanganywa na ile saa ya kwanza. Na sehemu ya chini iko nyuma yake, kati ya mwamba na ufuo, kwa hiyo anaposimama bado maji yako vifundoni, kumbe kwenye njia ya kurudi yameshafika kiunoni. Wakiwa wengi, kuna mmoja atakayeinua kichwa na kupiga kelele: "Jamani, maji!" Aliye peke yake lazima awe yeye mwenyewe anayepiga kelele hiyo.

Tena hata samaki wapweke wana akili ya kutafuta mwenzi. Watafiti waliozamia Bahari ya Shamu walimwona chewa akienda kwenye pango la mkunga na kutikisa kichwa mbele yake, kumwita. Mkunga akatoka, wakaenda kuwinda pamoja. Mkunga mwembamba anaingia kwenye mapango, chewa anangoja nje. Samaki mdogo akikimbia huku anakutana na huyu, akikimbia kule anakutana na yule. Nao si ndugu, na wakishamaliza kila mmoja anarudi kwake.

Nchi kavu je? Kuwinda siku hizi si jambo la kila mtu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania mtu haruhusiwi kuwinda wanyamapori bila kibali. Lakini kando ya Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao mpaka leo baadhi yao wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwanamume wa Kihadzabe mara nyingi huondoka kambini peke yake, na upinde na mishale yake tu. Nyayo za mtu mmoja ni chache na harufu ni moja, na mnyama mwenye masikio makali hahitaji zaidi ya kijiti kimoja kilichovunjika ili atoweke.

Peke yake, nasema, lakini angani yuko ndege mdogo, kiongoza asali. Mtu anapiga mluzi, ndege anaitika kwa kelele, anaruka mti mmoja, anangoja, anaruka mwingine, mpaka wanafika kwenye mzinga wa nyuki. Ndege anajua ulipo lakini hawezi kuuvunja. Mtu anaweza kuuvunja lakini hajui ulipo. Nta ndiyo chakula cha ndege huyu, na Wahadzabe wengine huichoma au huificha ili abaki na njaa na awaongoze tena. Sijui kama ni haki, hilo mnaweza kubishana nyumbani. Mzinga ukiwa juu ya mbuyu, mtu anachonga vigingi na kuvipigilia kwenye gogo, anapanda kimoja kimoja. Kigingi kikichomoka, na chini hayupo mtu, basi hakuna wa kukimbia kambini kuita watu.

Mnyama mkubwa ndiye anayeumaliza upweke wa mwindaji. Mshale wa Mhadzabe kwa mnyama kama huyo una sumu, na sumu mojawapo hupikwa kutokana na waridi la jangwa. Sumu haiui palepale. Pundamilia anaondoka na mshale wake, na mwindaji hamkimbilii, kwa kuwa akimkimbilia atamfukuza mbali zaidi. Anazikumbuka nyayo, anarudi kambini kuita wenzake, nao wanakuja kufuata nyayo na damu pamoja. Wakimpata, mnyama ana zaidi ya kilo 200, na fisi wako njiani. Mtu mmoja atabeba nini? Chui, ambaye ni mwindaji mpweke kweli, analazimika kumkokota mnyama wake juu ya mti ili fisi wasimnyang'anye. Mwindaji wa Kihadzabe ana kambi. Na kiangazi kikizidi, wanapovizia usiku penye maji, wanakwenda wawili, kwa sababu simba naye anakwenda kunywa.

Nyama ikifika kambini inagawiwa. Sehemu fulani, kama moyo na figo, ni za wanaume waliofikia daraja liitwalo epeme, nao huzila wakiwa pamoja. Mwanamume wa epeme kuila nyama hiyo peke yake ni kosa kubwa, hata kama ni yeye aliyetembea kutwa bila mwenzi, na mshale ulikuwa wake.

Asali aliyoilamba njiani, hiyo haimhusu mtu.